Maziwa ya mwalimu Moriguchi

Kwetu Morogoro kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, kilikuwa na sheria moja: steringi, shujaa wa filamu, hafi. Na steringi alikuwa mwanaume. Mwanamke kazi yake kutekwa, kupiga mayowe na kusubiri kuokolewa. Ndiyo maana nilipohamia hapa Nagoya nikakuta Wajapani wana filamu kibao za wanawake wanaolipa kisasi, tangu enzi za mwigizaji Meiko Kaji na upanga wake uliofichwa kwenye mwavuli mwaka 1973, nilishangilia peke yangu chumbani kama mwehu.

Dada mmoja wa zamu ya usiku, pale tunapopanga bento, vyakula vya kwenye boksi, akaniambia nitazame Kokuhaku, filamu ya Tetsuya Nakashima ya mwaka 2010 iliyotokana na riwaya ya Kanae Minato. Mwalimu Moriguchi, anayeigizwa na Takako Matsu, amefiwa na binti yake mdogo, na waliomuua ni wanafunzi wake wawili. Wana miaka 13. Sheria ya Japani haimhukumu kama mhalifu mtoto aliye chini ya miaka 14, kwa hiyo mama anaamua kutoa hukumu mwenyewe. Anasimama mbele ya darasa, sauti haipandi hata kidogo, anawaambia kwamba kwenye maziwa waliyomaliza kunywa wale wawili ametia damu ya baba wa mtoto. Baba huyo ana VVU.

Darasa linalipuka. Mimi nikabaki nimekodoa macho.

Kwetu mtoto wa darasa la sita angenyoosha mkono: mwalimu, damu kidogo ndani ya pakiti ya maziwa, ukainywa, nafasi ya kuambukizwa ni ndogo mno. Najua, silaha ya Moriguchi ni hofu, wala si virusi, na filamu inalijua hilo. Lakini hofu hiyo inahitaji mtu wa kuogopwa, na mtu huyo kwenye filamu ni damu tu.

Marafiki zangu huku hudhani nikilalamika kuhusu uwakilishi nataka kuona sura nyeusi kama yangu. Hapana jamani. Kweli darasa lile ni la Wajapani watupu, wakati kwenye jengo letu hapa Aichi watoto wanaotoka na mabegi asubuhi nusu yao ni Wabrazili na Wafilipino. Hilo nalisamehe. Huyo baba ndiye aliyenikaa rohoni.

Maana Japani ina historia yake na damu. Miaka ya 1980 wagonjwa wa hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, wanaokadiriwa kuwa 1,800 hivi, waliambukizwa VVU kupitia dawa zilizotengenezwa kwa damu isiyopashwa moto kuua virusi. Mmoja wao, Ryuhei Kawada, alijitangaza hadharani mwaka 1995 akiwa kijana mdogo, na mwaka 2007 akachaguliwa kuingia bungeni. Nchi yenye mtu wa namna hiyo imeshindwa kumpa mgonjwa wa kwenye filamu nafasi ya kutosha?

Sisemi kwetu ni peponi. Mama mdogo alipojulikana ana ngoma, kikombe chake kilitengwa, na aliyekitenga ni bibi yangu mzaa mama. Watu walimpita barazani wakinong'ona kwamba kakanyaga miwaya. Tulikuwa darasa lile lile la Moriguchi, tofauti ni sare tu. Kilichotubadilisha ni dawa za bure zilizoanza kutolewa mwaka 2004, na miaka ya kumwona mama mdogo akiamka, akikaanga vitumbua, akigombana na wateja wa mkopo. Huku sijawahi kusikia mtu akitaja ndugu yake. Si kazini, si kwenye treni.

Jumapili nilimpigia mama mdogo nikamsimulia filamu yote. Akasikiliza hadi mwisho, akacheka kwenye maziwa, akamsikitikia yule mtoto. Kisha akaniuliza: "Na huyo baba, dawa alikuwa anakunywa?"

Sikuwa na jibu.