Kompyuta elfu moja hazihitaji seva ya kutisha

Mtandao wa ofisi ukifikisha kompyuta elfu moja zinazosimamiwa kwa Puppet, programu inayosimamia mipangilio ya kompyuta nyingi kutoka kwenye seva moja, wazo la kununua seva kubwa halikawii kuibuka. Wanaolipinga huonekana mabahili. Mimi naona hesabu iko upande wao.

Kwa kawaida kila kompyuta hubisha hodi kwenye seva kila baada ya dakika 30, hupokea maelekezo, kisha hutuma ripoti. Tuseme kila moja inaishughulisha seva kwa sekunde 10. Mhudumu mmoja wa JRuby, yaani sehemu ya seva inayohudumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, atamaliza kompyuta 180 katika nusu saa, kwa hiyo wahudumu sita wanatosha. (Usipogusa mipangilio, seva haifungui zaidi ya wanne, hata ikiwa na prosesa za kumwaga.)

Wenye kutaka seva kubwa watauliza: na umeme ukikatika, ukarudi? Swali zuri. Kompyuta zote zinawaka ndani ya dakika mbili na zote zinabisha hodi. Wahudumu sita watachukua karibu dakika 28 kuzimaliza, na nyingine zitakuwa zimekwisha kukata tamaa kwa kusubiri. Kwa kuwa zilianza pamoja, baada ya nusu saa zitarudi pamoja.

Lakini tazama gharama ya kulimaliza tatizo hilo kwa fedha. Kuhudumia kompyuta zote ndani ya dakika hizo mbili kunataka wahudumu 84. Ukimtengea kila mmoja MB 512, hiyo ni GB 42 za kumbukumbu, mbali na prosesa zenyewe. Umeme usipokatika, wahudumu 78 kati yao hawana kazi. Wiki nzima. Mwezi mzima. Hapo ndipo hoja ya ukubwa inaponipotea: unanunua mashine kwa ajili ya dakika mbili ambazo ungeweza kuzitandaza.

Kuzitandaza ni mstari mmoja tu kwenye puppet.conf, faili la mipangilio ya Puppet katika kila kompyuta: splay = true. Kila kompyuta itasubiri kwa muda wa kubahatisha kabla ya kuanza. Ajabu ni kwamba mpangilio huu huja umezimwa, na wengi hawajui kama upo.

Mpangilio huu una dosari, sikatai. Ukiuacha ulivyo, kompyuta inaweza kungoja karibu nusu saa kabla ya ripoti yake ya kwanza, na mtu wa usalama anayefuatilia kiraka cha dharura hatafurahi. Basi weka splaylimit, yaani kikomo cha kusubiri huko, ya dakika 10: wahudumu 17, kumbukumbu GB 8.5. Seva ya kawaida inaliweza hilo.

Diski ni habari nyingine. PuppetDB, hifadhidata ya Puppet, hutunza ripoti kwa siku 14 usipoiagiza vinginevyo, na kila kompyuta hutuma 48 kwa siku. Kwa kompyuta elfu hizo ni ripoti 672,000. Zikiwa za KB 50 kila moja, ni zaidi ya GB 33 kabla ya faharasa za hifadhidata. Kutandaza muda hakupunguzi hata ripoti moja hapo, na kama kuna fedha ya kutumia, mimi ningeipeleka huko.