Roma ilimchunga kuku, ikamwacha gavana

Mwaka 161 KK Roma ilipitisha Sheria ya Fannia, iliyotaka mlo wa siku ya kawaida usizidi sarafu 10 za shaba na mezani asiandaliwe ndege yeyote isipokuwa kuku jike mmoja, tena asiyenoneshwa. Mwanya haukuchelewa kuonekana: kwa kuwa sheria ilimtaja jike, watu wakawanonesha majogoo kwa chakula kilicholowekwa kwenye maziwa. Karne moja baadaye Cicero, mwanasiasa na msemaji mashuhuri wa Roma, alimwandikia rafiki yake akilalamikia tumbo lililokuwa likimsumbua kwa siku ya 10, kwani sheria ya wakati huo ilisamehe vitu vinavyoota ardhini, na wapenda raha walikuwa wameunga uyoga na mboga za majani kwa ustadi hata yeye, aliyeweza kujizuia mbele ya chaza, akanaswa na mboga.

Visa hivi vinachekesha, ila kwangu vinafichua kosa kubwa la watunga sheria wale, la kupima gharama ya sahani bila kuuliza fedha imetoka wapi. Aliyetaka cheo aliwakirimu wapiga kura (sisi tungeiita takrima), akakopa ili awakirimu, na akishapewa jimbo alilipa madeni kwa jasho la wakazi wake. Verres alikuwa gavana wa Sisilia, kisiwa kilichokuwa jimbo la Roma, kuanzia 73 hadi 71 KK. Cicero alipomshtaki kwa kuwapora wakazi wa jimbo hilo aliieleza mahakama kwamba mtu huyo alikuwa ameshaigawa miaka yake mitatu: mapato ya mwaka wa kwanza yawe yake, ya wa pili yawe ya watetezi wake, na ya wa tatu, ulionona kuliko yote, yawe ya waamuzi wa kesi yake. Waamuzi wenyewe walikuwa maseneta, watu wa tabaka lake. Hata angeshindia mboga kila siku, sheria ya chakula isingemgusa.

Julius Caesar naye, mtawala wa Roma aliyepanda ngazi za vyeo kwa madeni, aliweka walinzi sokoni na mara nyingine akatuma askari waondoe vyakula vilivyokatazwa vikiwa tayari mezani.

Ninayoiheshimu ni Sheria ya Antia, kwa sababu haikuishia kwenye gharama ya sahani, ilimtazama na mlaji: ilimkataza mwenye cheo, na aliyekaribia kukipata, kwenda kula kwa watu ila kwa wachache maalumu. Haikufua dafu, maana wakubwa waliivunja waziwazi. Inasimuliwa kwamba mtungaji wake, Antius Restio, hakwenda tena kula kwa mtu maisha yake yote, asije akaiona sheria yake ikikanyagwa.