Nimemlaumu mtu kwa kubebwa na ndugu yake, kumbe ndugu yake ni yeye mwenyewe

Wadau nimekuja kusema kwa mdomo wangu maana najua ile voisi nouti imeshawafikia. Rafiki yangu (jina namhifadhia, ingawa yeye langu hakulihifadhi hata dakika tano) ameisambaza stori na mbwembwe juu, kaongezea mpaka vitu ambavyo havikutokea. Sikulia. Narudia, SIKULIA. Mle ndani ya sinema kiyoyozi kilikuwa kinanipuliza machoni.

Mnanijua mimi. Mimi ndo yule mnayemuuliza "hii muvi vipi, tukaione?" na jibu huwa sikawii nalo. Oppenheimer ya 2023 niliwaambia ni saa tatu za wanaume wenye suti wanaongea vyumbani, bomu unalisubiri mpaka unasahau ndo lililokuleta. Wicked ya 2024 nimekaa saa mbili na dakika arobaini halafu mwisho skrini inaniambia itaendelea, nikatoka natafuta mtu wa kugombana naye. Mufasa nikasema simba wote sura moja, akifa mmoja nalia kwanza halafu ndo nauliza aliyekufa nani. Maoni yangu yalikuwa na heshima yake bwana. Yalikuwa.

Sasa Sinners. Ilitoka Aprili 2025, ya Ryan Coogler yule wa Black Panther, mimi nimeiona juzi kwa kuchelewa. Na kabla ya kwenda sikusoma kitu wala sikuangalia trela, kwa sababu nina msimamo wangu kwamba trela inaharibu muvi (msimamo huo nimeuacha rasmi). Nilichojua ni kwamba Michael B. Jordan yumo, basi.

Ambao hamjaiona, ni Mississippi mwaka 1932, mapacha wawili Smoke na Stack wanarudi kwao kufungua kijumba cha muziki, usiku wanyonya damu wanakuja kubisha hodi. Smoke kofia ya bluu, Stack kofia nyekundu. Mapema tu wamesimama pale kwenye gari, mmoja anasokota sigara, anampa mwenzake, mwenzake anaipokea anavuta. Vidole kwa vidole. Nikaiona kwa macho yangu haya mawili. Na hapo ndo akili yangu ikafunga hesabu: mtu hawezi kujipa sigara mwenyewe, kwa hiyo huyu Michael ana pacha wake wa kuzaliwa na kamleta kazini.

Nikamnong'oneza rafiki yangu, "kumbe jamaa ana pacha." Akanigeukia akaniangalia, akasema "eeh." Tu. Eeh! Yule mtu alishajua kila kitu tangu dakika ile, akaamua kuniacha nielee. Huyo ndo rafiki wa miaka yote.

Mimi nikishajua kitu lazima nikichambue, kwa hiyo muvi nzima nafanya kazi ya ujaji. Wa kofia nyekundu naona anajua, anacheka vizuri, ana raha. Wa bluu naona kanuna tu. Kila wa bluu akitokea nasema "huyu kabebwa." Wa bluu analia, mimi "angalia, hata kulia hawezi, huyu kaletwa na kaka yake." Undugunaizesheni imefika mpaka Hollywood, nilisema hivyo, sauti nikidhani ni ya chini. Sauti yangu ya chini wengine mnaijua.

Picha ikazima, majina yakaanza kupanda. Hapa naomba twende polepole kwa sababu hapa ndo nilipofia.

Nikasimama. Nikajinyoosha, mikono yote juu, mgongo ukalia ko. Nikavuta suruali. Halafu kwa sauti ya mtu anayefungua mkutano nikasema, "Muvi kali, ule muziki ni hatari, ila yule pacha wake wangemwacha nyumbani. Michael kaibeba peke yake."

Siti ya mbele yangu kulikuwa na mzee. Muvi nzima hakugeuka hata mara moja. Sasa akageuka, taratibu, bega kwanza, halafu shingo, halafu miwani ikashika ule mwanga wa skrini nikawa naona majina madogo meupe yanapanda kwenye vioo vyake. Hakuwa na hasira, na bora angekuwa na hasira. Alikuwa na huruma ya daktari mwenye majibu mkononi.

"Mwanangu," akasema. "Huyo ni mmoja."

Pale pale ningekaa kimya ningepona. Lakini mimi nikamjibu, kwa heshima zote, "Najua mzee wangu, mmoja ndo Michael. Mimi namsema yule mwingine."

Akavua miwani. Akaifuta na ncha ya shati, kioo cha kwanza, kioo cha pili. Akaivaa. "Hakuna mwingine."

Mstari mzima kimya. Nasikia rafiki yangu pembeni anapumua kama mtu anayejizuia kupiga chafya. Na mimi bado nimesimama, kichwa kinarudi nyuma kinakusanya yote niliyoyasema, wa bluu hajui kulia, kaletwa na kaka yake, na kumbuka mzee alikuwa mbele yangu saa mbili na zaidi akiyasikia yote. Mara skrini ikawaka tena! Kumbe muvi haijaisha, kuna kipande kingine kati ya majina, ni mwaka 1992, watu wanataka kuona na mimi nimesimama katikati kama nguzo. Nyuma huko mtu akapiga kelele, "Kaa chini wewe na pacha wako!"

Ukumbi mzima. Jamani, ukumbi MZIMA ulicheka. Mzee naye mabega yanatikisika.

Nikakaa. Majina yaliporudi nikasoma yote nikitafuta hata Jordan mmoja wa pili wa kuniokoa, hayupo, na huku rafiki yangu mwanga wa simu umempiga kidevuni anaandika kwa vidole vyote. Nyumbani ndo nasoma kwamba Michael anaigiza upande mmoja na mtu wa kushikia nafasi, anabadili nguo, anarudia upande wa pili, kompyuta inamalizia sura. Yaani nimeshindwa kutofautisha simba ishirini, halafu mtu mmoja nikamgawa wawili, na mmoja nikamfukuza kazi.

Mengine mnayajua. Grupu limebadilishwa jina, stika yangu ipo imesimama mikono juu, kila asubuhi nasalimiwa kwa wingi.

Leo nimemwandikia rafiki yangu anirudishie hela ninayomdai tangu mwezi uliopita. Kanijibu alishampa pacha wangu.