Wawambaji 27 wa ngoma moja

Mapema Machi 2023, sheria ya Ulaya iliyokuwa imebakiza hatua moja ilikwama mlangoni. Ilitaka kuanzia 2035 gari jipya lolote linalouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya lisitoe kabisa hewa ya ukaa, yaani gari la petroli na la dizeli ndiyo basi tena. Wajumbe wa serikali na wa Bunge la Ulaya walishaafikiana tangu Oktoba 2022. Februari 14 Bunge likaipitisha kwa kura 340 dhidi ya 279. Walibaki mawaziri kuinua mikono, jambo ambalo katika hatua hiyo huwa halimkoseshi mtu usingizi. Ujerumani ikasema haiko tayari.

Ujerumani ipi? Hapo ndipo penye utamu. Waziri wa mazingira alitoka chama cha Kijani na aliitaka sheria. Aliyeizuia ni waziri wa usafiri, Volker Wissing, wa chama kidogo cha FDP, mshirika wa tatu katika serikali ya mseto. Chama hicho kilikuwa kimetoka kutupwa nje ya bunge la jimbo la Niedersachsen, Oktoba 2022, kisha nje ya bunge la jimbo la Berlin, Februari 2023, kwa kushindwa kufikisha asilimia 5 ya kura. Kilihitaji wapigakura wake wakione kikipigania kitu, na nchini Ujerumani hakuna kitu kinachoonekana haraka kuliko gari.

Zikapita wiki tatu za vuta nikuvute. Frans Timmermans, wakati huo makamu wa rais wa Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, akakubali kufungua kidirisha: magari yatakayotumia mafuta yanayotengenezwa kwa umeme na hewa ya ukaa iliyonaswa yatatafutiwa nafasi. Machi 28 sheria ikapita. Poland ilipinga, Italia, Bulgaria na Romania zikajizuia.

Ukitaka kuelewa kwa nini chama kimoja cha Berlin kiliweza kusimamisha bara zima, piga hesabu. Maamuzi mengi ya mawaziri huhitaji nchi 15 kati ya 27, zenye angalau asilimia 65 ya watu wote wa Umoja. Kuzuia kunahitaji nchi nne au zaidi zenye watu wanaopita asilimia 35, na anayejizuia huhesabiwa sawa na aliyepinga. Ujerumani peke yake ina karibu watu milioni 83 kati ya milioni 450. Iongezee Italia na Poland, tafuta nchi ya nne yoyote, umemaliza kazi. Nchi ndogo ikigoma peke yake katika mambo ya namna hii, mkutano unaendelea na chai inanywewa.

Palipo na sharti la wote kukubaliana, mambo hugeuka: sera ya nje, kodi, kupokea mwanachama mpya, bajeti ya muda mrefu. Hapo hata nchi ndogo ina kura ya turufu, na turufu ina bei. Desemba 13, 2023 Kamisheni iliifungulia Hungary takriban euro bilioni 10.2 zilizokuwa zimezuiwa, ikieleza kwamba mageuzi ya mahakama nchini humo sasa yanatosha. Kesho yake Viktor Orbán, waziri mkuu wa Hungary wakati ule, alitoka nje ya chumba cha mkutano, na viongozi 26 waliobaki wakaamua kuanza mazungumzo ya uanachama na Ukraine. Usiku huohuo akazuia msaada wa euro bilioni 50 kwa Ukraine, akauachia Februari 1, 2024. Kamisheni ilikana kwamba fedha zile na mlango ule vilihusiana. Bunge la Ulaya halikushawishika, likaenda mahakamani.

Kwa visa kama hivi, wapo wanaosema Ulaya ipunguze nguvu za nchi moja moja: turufu ifutwe, walio wengi waamue, na aliyeshindwa atii. Hoja yao ina uzito. Raia wa Ureno hakumchagua Wissing wala Orbán, lakini maisha yake hupangwa na hofu zao za uchaguzi.

Upande wa pili nao una la kusema. Oktoba 2016 Wallonia, jimbo la Ubelgiji lenye watu wapatao milioni tatu na nusu, lilikataa kuiruhusu Ubelgiji kusaini mkataba wa biashara na Canada. Magazeti mengi yalilicheka: kijiji kimewashikilia watu milioni 500! Lakini mkuu wa serikali yake, Paul Magnette, aliuliza jambo la msingi. Kwa nini kampuni ya kigeni iweze kuishtaki serikali katika baraza maalumu la usuluhishi wakati mahakama za kawaida zipo? Bunge la jimbo lake lilikuwa limelijadili swali hilo kwa muda mrefu, hadharani. Mkataba ulisainiwa mwishoni mwa mwezi huohuo, ukiwa na maelezo ya ziada na ahadi ya kuiuliza Mahakama ya Haki ya Ulaya. Mwaka 2019 mahakama hiyo ikajibu kwamba mfumo ule haukuvunja sheria za Umoja. Wallonia ilishindwa kwa hoja, na sioni aibu yoyote hapo. Swali lilistahili kuulizwa, na kama si bunge la jimbo, wakubwa wasingeliuliza.

Waliomlaani Wissing kwa kuvunja maafikiano wajipime pia kwa kisa cha Austria. Juni 17, 2024 waziri wa mazingira wa nchi hiyo, Leonore Gewessler wa chama cha Kijani, aliunga mkono sheria ya Umoja ya kurejesha mazingira ya asili yaliyoharibiwa, kinyume na matakwa ya kansela wake, Karl Nehammer. Ikapita kwa nchi 20 zenye asilimia 66.07 ya watu. Bila Austria ingeanguka. Uchaguzi wa Austria ulikuwa miezi mitatu mbele. Wanamazingira wakamshangilia; wengi wao mwaka uliotangulia walikuwa wakimlalamikia Mjerumani kwamba chama kidogo kinaichezea Ulaya kwa ajili ya kura za nyumbani. Mwamba ngoma huvutia kwake, na anayependa mlio hauulizi mkono.

Kwangu mimi kosa haliko kwenye kuvutia. Serikali isiyotetea watu wake mbele ya wenzake haina sababu ya kusafiri. Ninachotazama ni saa na mahali. Denmark, kwa mfano, waziri kabla ya kwenda Brussels huenda mbele ya kamati ya bunge ya mambo ya Ulaya kueleza atakachodai, na wajumbe walio wengi wakikataa, hawezi kwenda na msimamo huo. Mnyukano hufanyika mapema, wenzake wanajua wanashughulika na nani. Wissing alikuja baada ya ngoma kuwambwa. Na alichovuna? FDP iliangukia asilimia 4.3 Februari 2025, ikatoka Bundestag, bunge la taifa la Ujerumani. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakihama chama. Desemba 2025 Kamisheni ikapendekeza lengo la 2035 lishushwe kutoka asilimia 100 hadi 90. Kidirisha kinaelekea kuwa mlango, na wa kwanza kukigonga hayupo bungeni.

Mchezo huu hauishii kwenye mipaka ya Ulaya. Sheria ya 2023 ya kuzuia bidhaa zinazotokana na ukataji misitu inaigusa kahawa pia: shamba lisiwe limefyekwa msituni baada ya Desemba 31, 2020, na mahali lilipo paoneshwe kwa vipimo vya ramani. Ilipangwa kuanza kutumika Desemba 2024. Uganda, ambayo kahawa yake nyingi huenda Ulaya, ikaanza kusajili wakulima wake. Lakini Machi 2024 Austria, nchi yenye wamiliki wengi wa misitu midogo, ilisimama mbele ya mawaziri wa kilimo kuomba masharti yalegezwe, ikaungwa mkono na nchi nyingine za misitu, zikiwemo Finland na Sweden. Tarehe ikasogezwa hadi Desemba 2025, kisha hadi Desemba 2026 kwa kampuni kubwa. Mkulima wa Mlima Elgon aliyepimiwa shamba mapema hakuwa na waziri kwenye chumba kile, na jirani yake ambaye hakujisumbua ana haki ya kumwuliza haraka ilikuwa ya nini.