Stesheni ipo, ila wapangaji hawatakiwi

Juzi jioni nimeenda kwenye mkutano wa wakazi huku Toronto, upande wa Etobicoke, mtaa ambao kutoka stesheni ya sabwei unatembea dakika tano tu umefika. Kuna mwenye kiwanja anataka kubomoa nyumba yake ya zamani ajenge ya familia sita, ghorofa tatu, basi, hakuna kingine. Nimekaa saa mbili nasikiliza watu wazima wanaongelea kivuli na parking, alafu akasimama mzee mmoja akasema wapangaji hawaendani na mtaa ule. Mimi ni mpangaji, nimepanga tangu siku nimefika Kanada, na nilitoka pale mikono inatetemeka na sikusema neno.

Sasa naomba niseme hapa.

Reli inajengwa kwa hela ya kila mtu. Kodi inayokatwa kwa dada anayeosha vyombo hotelini ndo hiyohiyo inayochimba mahandaki na kulipa madereva, lakini ikishajengwa wanaoruhusiwa kuishi karibu nayo ni wachache wenye uwezo wa kununua nyumba nzima peke yao. Panda treni pale Bloor-Yonge, stesheni kubwa ya mjini, uelekee kaskazini, stesheni moja tu mbele treni inatoka gizani inakuja juani, hapo ni Rosedale, imefunguliwa tangu 1954. Shuka utembee kidogo kuelekea mashariki uone, nyumba kubwa kubwa za familia moja moja chini ya miti, kimya kabisa, na barabara ya Bloor yenye maofisi na maduka yote unaifikia kwa miguu. Zaidi ya miaka 70 treni zinapita hapo na mitaa ile ya nyuma bado imebaki vilevile.

Alafu nenda Thorncliffe Park na Flemingdon Park, maghorofa marefu ya miaka ya 60 na 70, familia moja juu ya nyingine, Flemingdon ndo Waismaili wengi waliotoka Uganda, Kenya na Tanzania walikofikia, na mpaka leo sabwei hakuna, wanasubiri Ontario Line, laini mpya ya sabwei ambayo bado inajengwa. Yaani huu mji umeweka reli pasipo na watu, ukaweka watu pasipo na reli, na hiyo haikuwa bahati mbaya, ni sheria za ardhi zilizoandikwa na kulindwa kwa kura miaka nenda rudi.

Mimi naishi Scarborough. Ile treni yetu ya laini ya 3 iliacha njia Julai 2023 na haikurudi tena, tangu hapo ni mabasi. Jirani yangu ni mama wa Bukavu, anasafisha maofisi mjini, anatoka nyumbani saa tisa na nusu usiku ili saa kumi na moja awe kazini, sabwei ikiwa bado imelala. Baridi ya Januari hiyo jamani, na watoto kawaacha na binti mkubwa. Huyu mama akipata vyumba viwili karibu na katikati ya mji analala karibu saa moja zaidi kila siku. Ndo hicho tunachogombania, usingizi wa mama na mtu mzima wa kuwaamsha watoto asubuhi.

Mwaka 2023 baraza la jiji liliruhusu nyumba za familia nne mji mzima, nikafurahi kweli. Juni 2025 ikaja hoja ya familia sita, na serikali kuu ilikuwa imeahidi Toronto dola milioni 471 za makazi, nyumba hizi zikiwa sehemu ya makubaliano, lakini baraza likapitisha kata 9 tu kati ya 25. Etobicoke haimo, ndo maana yule bwana inabidi aombe ruhusa na wapangaji tunajadiliwa kama ugonjwa.

Wanaopinga wanasema mabomba hayatatosha watu wakiongezeka, sawa, nakubali. Mitaa mingine maji taka yanapita kwenye mabomba ya kizamani na mvua ya Julai 2024 ilijaza besimenti za watu, nilisaidia kubeba magodoro kwa rafiki yangu. Ila bomba linabadilishwa. Na ni kweli pia yale maghorofa ya vioo karibu na stesheni yamejaa vijumba vya mtu mmoja ambavyo familia haienei, ndo sababu nazitaka hizi za ghorofa tatu. Montreal wanazo tangu enzi, ngazi za nje, familia juu na chini, na mitaa yao watu wanasafiri kwenda kuipiga picha. Kule British Columbia jimbo lilitunga sheria 2023, ndani ya mita 200 za stesheni ya SkyTrain, treni yao ya mjini, manispaa ya Vancouver haiwezi kukataa ghorofa 20 kwa sababu ya urefu. Inawezekana.

Nimekulia Magomeni, nyumba ya korido moja vyumba sita, na sijawahi kusikia mtu akiambiwa haendani na mtaa kwa sababu kapanga.

Kikao cha uamuzi kuhusu kile kiwanja ni mwezi ujao. Nimeshaandikisha jina kwenye orodha ya wasemaji, na mama wa Bukavu kasema ataomba ruhusa kazini twende wote.