Kuangalia biashara tu hakutoshi

Nimesoma makala kuhusu hisa ambazo Mwislamu anaruhusiwa kununua; inasema kampuni isiyouza pombe, kamari wala riba hisa zake ni halali. Hapo ni nusu ya kazi. Baada ya kuchuja biashara unafungua mizania (taarifa ya mali na madeni ya kampuni). Kwa kiwango cha AAOIFI, shirika linaloweka viwango vya fedha za Kiislamu, mikopo ya riba isizidi 30% ya thamani ya kampuni sokoni, amana za riba vivyo hivyo, na mapato haramu yasizidi 5% ya mapato yote.

Wengi hukwama kwenye kigawanyo, yaani ile thamani unayogawia deni. Deni la milioni 28 kwa thamani ya milioni 100 ni 28%, inapita. Bei ya hisa ikishuka, thamani ikawa milioni 80, deni lilelile ni 35%, imeanguka bila kukopa hata senti. Ndiyo maana kati ya watunga faharasa (orodha za hisa zilizochujwa), Dow Jones hutumia wastani wa thamani ya miezi 24, na MSCI katika faharasa yake kuu ya Kiislamu hugawanya kwa jumla ya mali. Hivyo hisa moja yaweza kupita huku ikakataliwa kule. Chagua kigezo kimoja ubaki nacho, usihamehame ukitafuta jibu unalolipenda.

Halafu kuna utakaso, yaani kuitoa sehemu haramu ya faida yako, ambao makala haikuugusa kabisa. Mapato haramu yakiwa 3%, katika gawio (faida unayolipwa kwa hisa zako) la 1,000 unatoa 30 kwa maskini, wala usiihesabu kuwa zaka. Rudia hesabu kila ripoti mpya ikitoka.