Chai ya Nyuzi Nne

Miaka saba nimepiga besi kwenye hoteli za Diani, na miaka yote saba gitaa langu limevaa nyuzi zilezile nne. Ni zile bapa, sisi wapigaji tunaziita flati. Nyuzi za kawaida zimezungushiwa waya wa mviringo, ukipitisha ukucha zinalia krrr kama tupa. Flati zimezungushiwa waya bapa kama utepe, kidole kinateleza tu, na sauti yake ni nzito na ya upole: dum, dum. Mtalii anamenya kamba wake, mimi napiga dum, hakuna anayeshtuka.

Na sikuzibadilisha makusudi. James Jamerson, yule aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi sana za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, naye alitumia flati, na uzi hakuubadilisha mpaka ukatike wenyewe. Mimi nikaifanya dini. Jasho, chumvi ya bahari, mafuta ya viazi karai, yote yamo mle, na yote nikayahesabu kuwa ndiyo utamu wenyewe.

Basi bendi moja ya roki Nairobi ikakimbiwa na mpiga besi wao siku mbili kabla ya shoo. Nikaitwa. Nikapanda treni Miritini, Mombasa, nikafikia kwa shangazi, Buruburu.

Mazoezini sikumaliza hata wimbo mmoja. Mpiga solo, kijana mwenye nywele za kufika kiunoni, akainua mkono.

"Manze, hiyo besi umeifunika blanketi?"

Nikampa somo. Nikamwambia Steve Harris, mpiga besi wa bendi ya roki nzito Iron Maiden, anapiga flati, na wale hawapigi muziki wa harusi.

Akafikiri. "Kweli. Lakini Harris anabadilisha zake kila mara. Zako ulinunua lini?"

Nikainama, nikajifanya natafuta waya nyuma ya spika.

Sasa, kuna dawa ya wapiga besi wasio na pesa, nayo ni kuchemsha nyuzi. Maji ya moto yanatoa mafuta na taka, uzi uliokufa unafufuka siku mbili tatu. Dawa hiyo ni ya nyuzi za mviringo, maana taka hukaa kwenye vile vijifereji vyake. Flati hazina vijifereji. Nilijua vizuri sana, lakini mtu aliyetahayari hana akili.

Jumamosi asubuhi, siku ya shoo, shangazi katoka kwenda sokoni. Nikachukua sufuria kubwa, ile ya wageni. Nikazikunja nyuzi, nikazilaza chini, maji juu, gesi, kifuniko. Nikatoka uani kupangusa shingo ya gitaa, mara mpiga ngoma akanipigia simu. Yule kijana akianza kuzungumza hana breki.

Nisilolijua ni kwamba siku hiyo ilikuwa zamu ya shangazi kupokea chama. Karudi, kakuta maji yanatokota ndani ya sufuria ya wageni, kashukuru Mungu kwa mtoto aliyelelewa akaleleka. Miwani yake imejaa mvuke, hakuona chini. Katia majani, sukari, maziwa, na tangawizi ya kutwanga.

Niliporudi jikoni nikapokewa na harufu nzuri. Nikatumbukiza upawa. Ukatoka na uzi wa E, ule mnene kuliko zote, umejikunja kama nyoka aliyeshiba, unadondosha maziwa.

"Mwanangu!" shangazi kaita kutoka sebuleni. "Hiyo usiizime, birika la kwanza limekwisha!"

Nikachungulia. Kina mama wanane, vikombe mkononi. Mmoja kafumba macho kabisa. "Dada, leo chai umeitia nini? Imekolea!"

"Mwulize huyu, ndiye aliyeanza kuipika."

"Viungo vya Mombasa, mama," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kuliko uzi wa G, ule mwembamba kuliko zote.

Nikaziopoa nyuzi, nikazisuuza bafuni, nikazipangusa kwa leso, nikazifunga. Gitaa nikaliegemeza ukutani jikoni mpaka magharibi. Hilo nalo lilikuwa kosa, nitalieleza.

Jukwaani, wimbo wa kwanza ulikwenda. Wa pili, taa zikapasha moto, na sukari iliyojificha ndani ya nyuzi ikaanza kuyeyuka. Kila nikiinua kidole, uzi unakuja nacho. Ile dum yangu ya miaka saba ikawa bup. Uzi wa E nao, tangu utoke kwenye chai, ulikuwa hautaki kukaza; nikiuvuta unalegea, nikiuvuta unalegea.

Wimbo wa tatu nikahisi mnyeo kifundoni mwa mkono. Nikaangalia. Sisimizi wa Buruburu, mstari mmoja ulionyooka, wametoka kichwani mwa gitaa wanashuka shingo, na waliotangulia wameshaingia ndani ya mkono wa shati. Nikarusha bega. Nikarusha kichwa. Nikaruka kwa miguu yote miwili. Baa nzima ikalipuka kwa mayowe, na watu wa mbele wakaanza kuruka nami.

Baada ya shoo mpiga solo kanikumbatia, jasho kwa jasho. Kisha akasita, akanusa.

"Buda, besi yako inanukia tangawizi?"

Nimeshanunua nyuzi za mviringo. Shangazi kapiga simu jana: chama kinakutana tena Jumamosi, na kina mama wanauliza vile viungo vya Mombasa vinauzwa wapi.